Hela za bibi si vyuma chakavu

Kila siku watoto wanatusikia: sina hela, hela ya daftari, hela ya nauli. Neno hilo tuliachiwa na Wajerumani pamoja na sarafu yenyewe. Kuanzia mwaka 1904 rupia moja ilikuwa na heller 100. Kabla ya hapo ilikuwa na pesa 64.

Bibi yangu wa Simbo ana kopo la maziwa lililojaa sarafu hizo, urithi wa babu yake aliyekuwa kibarua wa reli ilipofika Kigoma mwaka 1914. Baba mdogo alitaka kuliuza lote kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, kwa kilo, amalizie ada ya bweni ya binti yake. Simlaumu, shule haingoji. Nilimwomba jioni moja tu ya kuzichambua, na binti mwenyewe akanisaidia.

Tulizimwaga kwenye ungo. Kongwe kuliko zote ni pesa za kampuni ya Kijerumani, za mwaka 1890 hadi 1892. Upande mmoja zina tai, upande wa pili maandishi ya Kiarabu na mwaka wa Hijria, kuanzia 1307. Aliyeyasoma ni bibi, mtoto wa madrasa ya Ujiji. Mimi na digrii yangu nilishika tochi.

Heller zina taji. Tafuta herufi ndogo: A ni Berlin, J ni Hamburg. Ukiona T, tulia. Hizo ni za mwaka 1916, zilizopigwa Tabora kwenye karakana ya reli wakati vita vimefunga njia ya baharini. Kuna heller 20 za shaba nyekundu na za shaba ya njano, na nyingine zilitokana na maganda ya risasi na mizinga. Mihuri ilichongwa pale pale, kwa hiyo taji hazilingani: kuna kubwa, kuna ndogo. Binti alipata mbili, kila moja na taji yake. Septemba mwaka huo Wabelgiji wakaiteka Tabora.

Zenye tundu nyingi ni senti za Waingereza. Baadhi ya zile za mwaka 1936 zina jina la Edward VIII, mfalme aliyeacha kiti kabla hata ya kuvikwa taji. Zenye tundu na nyota zilivuka ziwa kutoka Kongo.

Jirani akaleta limau na majivu tuzing'arishe. Hapana! Mkusanyaji anataka ile rangi ya uzee. Ukiisugua, bei inaanguka.

Sasa niseme la kazi yangu, maana mjukuu wa mwaka mmoja alikuwa anatambaa kuuzunguka ungo. Mtoto akimeza sarafu, usimtie kidole kooni wala usimshindilie tonge la ugali ili ishuke. Mpeleke kituo cha afya apigwe eksirei, na ukimbie zaidi akitoka udenda, akishindwa kumeza au akipumua kwa shida. Betri bapa ya saa au rimoti inafanana na sarafu, lakini ndani ya saa mbili inaweza kuunguza koo. Hiyo haisubiri asubuhi.

Zilizofutika kabisa ziliuzwa kwa kilo, zikapunguza deni la ada. Baba mdogo anataka zile mbili za T zitafutiwe mnunuzi kabla ya Januari. Bibi amezifunga kwenye pindo la kanga yake na hajamjibu.