Ngoma ya mzee: chuma au kitu kingine?

Ndugu zetu wa Kiziba, tunawaandikia kutoka kwetu hapa Kabeza, Kigali. Leo tunawaletea habari ya ngoma ya mzee wetu.

Wengi wenu mnaikumbuka: ile ndogo ya fanfari, yenye nyaya chini, ikipigwa inalia kra-kra. Mzee aliipiga kule Masisi, na mwaka 1996 alivuka nayo mpaka akiwa ameibeba mgongoni. Nembo yake iling'oka zamani. Kwa vile inang'aa, siku zote tulisema ni chuma tu.

Mwezi wa tisa minervali ya watoto ikatubana. Mnunuzi wa vyuma chakavu akapita mlangoni, akainyanyua, akasema, "Hiki chuma, nitawapa bei ya chuma." Tulikuwa tumeshakubali. Mzee akasema, "Wanangu, mtu hauzi kitu asichokijua. Ifungueni kwanza. Yeye arudi kesho."

Basi tukalegeza skrubu, tukatoa ngozi zote mbili. Kijana wetu akaleta sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu. Kwenye pete za juu na chini ilinasa. Kwenye skrubu ilinasa. Kwenye mwili wa ngoma wenyewe, hata kidogo! Kumbe si chuma. Zikabaki shaba ya manjano na alumini, maana zote mbili hupakwa ule mng'ao. Tukatafuta mahali upako ulipobambuka: chini yake peupe, si manjano. Na mwili ulikuwa mwepesi. Ni alumini.

Halafu tukapitisha kidole ndani, kuzunguka kote. Bati likikunjwa na kuchomelewa huacha mshono. Hapa hakuna mshono; mwili ulitengenezwa mzima kwa mashine. Kiwanda cha Ludwig cha Chicago kilitoa nyingi za namna hii tangu miaka ya 1960, lakini alumini ilitumiwa na viwanda vingine pia, kwa hiyo jina hatuliweki.

Kama yenu ni ya mti, toeni ngozi mtazame ukingo. Mkiona tabaka juu ya tabaka, ni mbao nyembamba zilizogandishwa kwa gundi. Mkiona ubao mmoja tu, wenye kiungo kimoja, huo ulikunjwa kwa mvuke. Ngoma zetu za asili hazina kiungo: huchongwa kwenye gogo moja, kama la umuvugangoma.

Mnunuzi aliporudi tukamwonyesha ile sumaku. Akacheka, akapandisha bei papo hapo. Ndipo tukaelewa kwamba yeye alijua tangu jana.

Hatukuiuza. Mama alitoa vitenge vyake viwili, akavipeleka sokoni, minervali ikapatikana. Mzee hakusema kitu. Aliifunga ngoma mwenyewe, skrubu moja moja, akaigonga kwa kidole, akasikiliza.

Krismasi tutakuja nayo, watoto wa kwaya waipige. Na ninyi ndugu zetu, mkibanwa na shida, kabla ya kuuza kitu cha wazee kifungueni kwanza. Sumaku ya redio mbovu haina bei.

Ni sisi wenu, familia ya Kabeza.