Miguu ya Mama

Msumari ulipenya soli ya kiatu cha Mama, naye akatembea nao siku mbili bila kusikia maumivu. Tulipouona tukamshukuru Mungu kwamba haumii. Kumbe kisukari cha miaka mingi kilikuwa kimeharibu mishipa midogo ya damu inayolisha neva za miguu. Tena damu ya mgonjwa wa namna hiyo huelekea kuganda upesi. Tuliomba, tukafunga, tukachelewa hospitali. Kidole kikakatwa. Kuomba hatujutii, tunajutia kwamba hakuna aliyemvua soksi. Sasa kila jioni tunapokezana kumwosha miguu, kama kanisani Alhamisi Kuu, ila sisi tunakagua hadi katikati ya vidole. Maji tunayapima kwanza kwa kiwiko, maana yeye hasikii moto.