Kitalu cha Uluguru: Kutoka Moto hadi Minyoo

Kitalu cha mboga cha zamani katika milima ya Uluguru kilianza kwa moto. Mabua makavu yalirundikwa juu ya tuta, yakachomwa, ili joto liue mbegu za magugu na vimelea vya kinyausi, ugonjwa unaolaza miche chini ingali na majani mawili. Kisha ililetwa samadi, na udongo mweusi uliobebwa kwa viroba kutoka msituni. Mbegu za kabichi na nyanya zikasiwa, tuta likafunikwa nyasi.

Njia hiyo ilikuza mboga kwa miaka mingi, lakini gharama yake ilikuwa kubwa. Moto haukuchagua: uliua vimelea na viumbe wenye faida pamoja. Na kila kiroba cha udongo kilitolewa kwenye msitu uleule unaotunza vijito vya Mto Ruvu, ambao Dar es Salaam hunywa maji yake.

Mabadiliko yalianzia zizini. Mwaka 1988 mbuzi wa maziwa wa asili ya Norwei walifikishwa Mgeta, kwenye milima hiyohiyo, kupitia Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, na samadi ikawa karibu na mlango. Mwaka 2011 ilianzishwa mjini Morogoro asasi ya Sustainable Agriculture Tanzania, inayofundisha kilimo hai. Mboji ya minyoo, yaani samadi iliyoliwa na minyoo ikageuka mboji, ni hatua ya mbele kwenye njia hiyohiyo, na ni hatua njema.

Minyoo wanaofaa ni wale wekundu wanaoishi juu juu kwenye vitu vinavyooza. Mnyoo wa shambani, anayechimba chini, hafai. Samadi mbichi huchemka na kuwaua, kwa hiyo huachwa kwanza ipoe, ndipo wapewe minyoo. Baada ya miezi miwili au mitatu hubaki mboji nyeusi, laini kama majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa, yenye harufu ya udongo baada ya mvua.

Mboji hiyo haitumiwi peke yake. Hushika maji mno, na chumvi zake huweza kuchelewesha mbegu kuota. Sehemu moja huchanganywa na sehemu tatu au nne za mchanga na pumba za mpunga zilizochomwa zikawa nyeusi, kisha hujazwa kwenye trei. Mche ukivutwa siku ya kupandikiza, hutoka na bonge lake zima la udongo, mizizi ikiwa haijakatika.