Jua, Maji na Kiu ya Handeni

Ukisafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi utapita Segera, na baada ya muda mfupi utaingia Korogwe. Abiria wengi hunyoosha miguu hapo, wakanunua matunda, wakaendelea na safari zao. Safari hii usifanye haraka. Shuka Korogwe, kisha shika barabara ya lami ya kilometa 65 iendayo Handeni. Kati ya miji hiyo miwili utajifunza mengi juu ya maji.

Korogwe umekaa kando ya Mto Pangani. Maji ya mto huo hutoka katika miteremko ya Kilimanjaro na Meru, hukusanyika katika bwawa la Nyumba ya Mungu, huongezewa na mito ya Mkomazi na Lwengera, kisha hupita mashamba ya mkonge na maporomoko ya Hale mpaka Bahari ya Hindi. Simama ukingoni uyatazame. Maji ni mengi, lakini rangi yake ni ya udongo.

Handeni mambo ni mengine. Hii ni nchi ya Wazigua, nchi ya vilima na vichaka, ambako mvua haina ahadi. Kwa miaka mingi wananchi wa vijiji vyake wametegemea malambo, ambako mtu na ng'ombe hunywa pamoja, na akina mama wameamka alfajiri na ndoo kichwani. Katika miaka ya 1970 lilijengwa bomba kuu la kuyaleta maji ya Pangani mpaka Handeni, linalojulikana na wenyeji kwa herufi tatu, HTM. Katika miaka hii ya 2020 Handeni imeingizwa pia katika mradi wa maji wa miji 28 unaogharamiwa kwa mkopo wa India.

Pengine utauliza, jua lina kazi gani katika habari hii? Hebu tuufuate mto mpaka unakoishia. Maji ya bahari yana urani, madini yanayotumika kuendeshea mitambo ya umeme wa nyuklia. Hapa Tanzania tumezoea kusikia kwamba urani iko ardhini, kwa Mto Mkuju, wilayani Namtumbo. Lakini bahari zote za dunia zimebeba zaidi ya tani bilioni nne, mara mia kadhaa kuliko akiba ya ardhini inayojulikana. Taabu ni kwamba imetawanyika mno: tani moja ya maji ya bahari ina miligramu tatu tu. Kupata kilo moja hapana budi kuchuja zaidi ya tani laki tatu za maji, hata kama hakuna chembe inayopotea. Wajapani walizamisha vitambaa maalumu baharini kati ya mwaka 1999 na 2001, wakapata takriban kilo moja.

Sasa wanasayansi, wengi wao nchini China, wanajaribu kulitumia jua. Msingi wa kazi hiyo uliwekwa na Wajapani wawili, Fujishima na Honda, walipoonyesha mwaka 1972 kwamba oksidi ya titani ikipigwa na mwanga ndani ya maji huweza kuyapasua maji hayo. Oksidi hiyo ndiyo inayofanya rangi ya kuta iwe nyeupe; na madini ya titani yamo hata katika mchanga wa pwani yetu ya Tanga, huko Tajiri. Kitu cha namna hiyo huitwa kichocheo. Mwanga hukipiga, nacho huachia chembe ndogo za umeme. Chembe hizo huishika urani iliyoyeyuka, ikageuka kitu kisichoyeyuka na kuganda juu ya kichocheo. Hapo inaweza kukusanywa. Kazi hiyo bado zaidi ni ya maabara, lakini njia hiyo hiyo inachunguzwa kwa ajili ya kuondoa urani katika maji yaliyochafuliwa nayo.

Sasa turudi Handeni. Huko hakuna anayeona kiu ya urani, lakini jua ni lile lile, na linaweza kufanya kazi ndani ya maji hata bila kichocheo. Aftim Acra na wenzake wa Beirut walionyesha zamani, kabla ya mwaka 1985, kwamba mwanga wa jua huua vijidudu vya maradhi ya kuhara. Jaza maji katika chupa ya plastiki inayopenya mwanga, isiyozidi lita mbili, uilaze juu ya bati kwa saa sita za jua kali. Mawingu yakitanda zaidi ya nusu ya anga, iache siku mbili. Kwa familia inayochemsha maji kwa kuni au mkaa, hiyo ni nafuu kubwa. Nasi wa mjini tusisahau kwamba misitu ya Handeni nayo hukatwa kwa ajili ya mkaa wetu.

Lakini kuna sharti. Mwanga haupenyi tope. Maji ya mtoni na ya lambo hayana budi kutuama na kuchujwa kwanza. Katika nchi kadhaa za Afrika akina mama hutumia mbegu za mlonge zilizotwangwa ili tope lizame. Kipimo unacho mkononi. Simamisha chupa iliyojaa juu ya kichwa cha habari cha gazeti hili, uchungulie kutoka mdomoni mpaka chini. Ukiweza kusoma herufi, maji yanafaa kuanikwa. Usipoweza, yachuje tena.

Tena tusilitwike jua mzigo usio wake. Haliondoi chumvi, wala sumu za kemikali, wala halileti maji mahali yasipokuwapo. Mama wa Handeni anayetembea mwendo mrefu kutafuta ndoo moja hasaidiwi na chupa tupu juu ya bati. Kwake bomba linalotoka Pangani ndilo la kwanza, na bomba hilo lataka mitambo inayotunzwa, mafundi wanaolipwa, na mto usiokatiwa miti kandokando. Maji yakishafika nyumbani, hapo ndipo jua nalo litakapopata kazi.