Gari la Anasa na Swali la Mama

Neno moja lilinichelewesha kununua gari kwa miezi miwili. Neno lenyewe ni anasa.

Ninaishi Minneapolis, Marekani, pamoja na mke wangu, watoto wetu watatu, na mama yangu aliyetoka Tanga kuja kutibiwa. Hospitali yake iko Rochester, kiasi cha kilomita 135 kutoka kwetu. Gari letu la zamani lilipochoka, niliazimia kununua la umeme lililokwisha kutumika, nikabaki na mawili ya kuchagua: BMW iX xDrive50 na Mercedes-Benz EQS SUV 450 4MATIC, yote ya mwaka 2023.

Kwa wiki kadhaa nilisoma vijitabu vya wauzaji, vyote kwa Kiingereza, nikalewa. Kimoja kilisifu usukani wenye pembe sita. Kingine kilisifu kioo kinachotanda dashibodi nzima. Jioni moja Mama akaniuliza nilichokuwa nikisoma. Nikamjibu kwamba nilikuwa nikilinganisha magari mawili ya anasa. Akakunja uso. "Anasa, mwanangu? Mimi ninakwenda kwa daktari."

Hapo ndipo nilipouona mtego wa tafsiri. Neno nililolisoma kwa Kiingereza husifu. Neno nililomtajia Mama hushtaki. Katika Kiswahili chetu, anasa ni raha iliyopita kiasi, na anayeiandama huonywa. Nikajaribu starehe, nikajaribu fahari: la kwanza lina harufu ya kumbi za usiku, la pili lina majivuno. Mwishowe nikaacha kutafuta sifa, nikamwelezea magari kwa vitenzi vinne tu: kwenda, kuchaji, kubeba na kupanda. Vitenzi havipambiki kwa urahisi.

Kwenda: kwa makadirio rasmi ya Marekani, iX huweza kufika kilomita 521 kwa chaji moja, likivishwa magurudumu yanayolifaa zaidi, EQS hufika 459. Baridi ya Minnesota hupunguza mwendo huo. Kwa tahadhari nikatoa theluthi moja, nikapata 347 na 306. Safari ya Rochester, kwenda na kurudi, ni 270. Yote mawili yatafika, ila moja litarudi likihema.

Kuchaji: yakipata mashine ya kasi, yote mawili hujaza betri kutoka asilimia 10 hadi 80 kwa nusu saa na ushei.

Kupanda: Mama, pamoja na magoti yake yanayomsumbua, aliingia katika yote mawili bila kushikwa mkono.

Kubeba: iX lina viti vitano, EQS nililoliona lilikuwa na viti saba. Nyumbani kwetu tupo sita.

Shauri likabaki kati ya kilomita na viti. Moyo wangu ulielekea kwenye kilomita, kwa kuwa niliogopa kukwama na mgonjwa barabarani katikati ya theluji. Nikamweleza Mama kwamba siku za hospitali tutakuwa wawili tu, na siku nyinginezo mtoto mmoja anaweza kubaki nyumbani.

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Njiani kuna pa kuchaji?"

Nikasema papo.

"Na mtoto anayeachwa nyumbani, utamchaji wapi?"

Sikuwa na jibu, wala katika vijitabu vyote vile sikuwa nimekutana na swali hilo. Mimi nilikuwa nikihesabu safari za ugonjwa. Yeye alikuwa akihesabu siku alizobakiwa nazo za kuwa na wajukuu.

Nikachukua la viti saba. Kijitabu chake kingali droani, na lile neno la Kiingereza limo karibu katika kila ukurasa. Mama hajalitamka tena neno anasa. Tunapotaka kutoka, husema tu, "Waite watoto, gari letu sote liko tayari."