Matone Matatu ya Oili

Mwaka 2009, nilipokuwa kijana wa miaka 19, nilikaa kwa mjomba wangu karibu na Mlalo, katika milima ya Usambara. Mjomba alikuwa na pikipiki ya silinda moja, yenye ujazo wa sentimita 125, aliyoinunua kwa fedha za viazi alizoziweka akiba kwa muda wa miaka mitatu. Kwa pikipiki hiyo alichukua abiria na mizigo kwenda Lushoto, na katika nauli hizo watoto wake wawili walilipiwa ada ya sekondari. Nayasema haya mapema, ili msomaji ajue ya kuwa chombo nilichokiharibu hakikuwa cha mchezo.

Kabla ya kunipa ufunguo, mjomba alinikalisha chini akanieleza kazi ya injini. Petroli hushuka kutoka tangi mpaka kabureta, na humo huchanganyika na hewa. Pistoni ishukapo huvuta mchanganyiko huo ndani ya silinda, na ipandapo huushindilia. Ndipo plagi hutoa cheche, mchanganyiko ukawaka, na pistoni husukumwa chini kwa nguvu. Kisha hupanda tena na kuutoa moshi nje. Safari ni nne, na nguvu hupatikana katika moja tu. Namna hii ndiyo iliyotumika hata katika pikipiki waliyoiunda Daimler na Maybach huko Ujerumani mwaka 1885, ambayo mwili wake ulikuwa wa mbao. Nilimwuliza mjomba pistoni huenda kwa kasi gani, naye hakujua. Baadaye nilipiga hesabu mwenyewe: injini izungukapo mara 6,000 kwa dakika, pistoni hupanda na kushuka mara 100 katika sekunde moja.

Basi, chuma kinachosuguana na chuma kwa mwendo huo kingeungua upesi kama pasingekuwapo oili katikati. Katika pikipiki nyingi za namna ile, oili moja hulainisha pistoni, gia na klachi, tena huchukua joto na kulipeleka mbali, nayo yote haizidi lita moja hivi. Gari dogo huwa na lita tatu au nne. Likipoteza nusu lita laweza kufika nyumbani. Pikipiki ikipoteza nusu lita, imepoteza nusu ya uhai wake. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kuwasha, tuliisimamisha wima mahali pa sawa, kwa maana ikiegemea stendi ya pembeni kipimo huongopa. Tulitoa kijiti cha kupimia, tukakipangusa kwa kitambaa, tukakitia tena, tukatazama kama oili imefika kati ya zile alama mbili.

Kisha tulitazama mnyororo, ambao ukiinuliwa kwa kidole katikati hupasa kucheza sentimita mbili au tatu, usizidi wala usipungue. Na breki, na upepo wa matairi. Katika mteremko alinikataza kushika klachi na kuiacha pikipiki iteleze. Aliniagiza niweke gia ndogo, injini yenyewe iizuie, na breki zote mbili zitumike pamoja, kwa kuwa ile ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi. Nadhani sikuwa mwanafunzi mbaya.

Hata asubuhi moja ya mwezi wa Julai, mjomba alikuwa amelala kwa homa, nami nilikuwa nimeahidi kumpeleka mama mmoja mzee Lushoto kabla ya saa mbili, apate basi la kwenda Korogwe, ambako binti yake alikuwa hospitalini. Nilipoisukuma pikipiki kutoka bandani, niliona pale iliposimama usiku matone matatu meusi ya oili, kila moja kama ukucha wa kidole gumba. Nilijua maana yake. Kupima kungechukua dakika mbili tu. Lakini niliwaza ya kuwa nikikuta oili imepungua, itanipasa kumwamsha mjomba nimwombe fedha, tena duka lilikuwa bado kufunguliwa, na safari ingevunjika. Basi nikavuta vumbi kwa mguu, nikayafunika. Mpaka leo sijui kwa nini niliyafunika, maana hapakuwa na mtu aliyenitazama.

Injini ikipata moto, oili huwa nyepesi kama maji, na tundu lililotoa tone moja moja usiku hutoa mfululizo njiani. Tulipokuwa tukipanda mlima wa pili nilisikia sauti, ko, ko, ko, kama mtu agongaye sufuria kwa kijiko.

Mama akauliza, "Mwanangu, hicho ni nini?"

Nikamjibu, "Ni barabara mbaya, mama."

Nguvu ikapungua, nami badala ya kuzima nikaongeza mafuta. Ghafula gurudumu la nyuma likakaza, likaserereka. Nikabana klachi, gurudumu likafunguka, tukasimama ukingoni mwa barabara bila kuanguka. Injini ilikuwa imenoki. Nilipiga kiki, nayo haikusogea hata kidogo.

Yule mama hakunena neno la ukali. Alijitwika kikapu chake cha mapeasi aliyomchukulia binti yake, akaenda zake kwa miguu. Baadaye nilisikia ya kuwa lori la kabichi lilimchukua njiani, lakini alipofika basi lilikuwa limekwisha kuondoka, akalala Lushoto na kufika Korogwe siku ya pili.

Nami niliisukuma pikipiki mpaka nyumbani, nikafika jua limepanda sana. Mjomba alitoka nje na blanketi mabegani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

Hakuniuliza neno. Aliitazama pikipiki, akaingia bandani, akachutama, akapangusa vumbi kwa kiganja mpaka matone yakaonekana.

"Nani aliyafunika?"

"Ni mimi, mjomba."

Akainuka, akarudi kitandani.

Fundi alipoifungua injini, pistoni ilikuwa imekwaruzwa kama ubao uliopigwa msasa, na ringi zake zimeganda. Ilibidi silinda ichongwe upya, ikatiwa pistoni kubwa kidogo kuliko ya kwanza. Na oili ilikuwa imepita wapi? Katika nati ya chini ya kumwagia oili, ambayo washa yake ilikuwa imechakaa. Mimi mwenyewe ndiye niliyebadili oili wiki iliyotangulia, nikairudisha washa ile ile ili nisiende dukani. Bei yake haikufika bei ya maandazi matatu. Gharama ya pistoni na kazi ya fundi niliilipa kwa kulima viazi vya mjomba msimu mzima. Tena kwa kilomita 500 za kwanza tulikwenda polepole, bila mizigo mizito, ili vyuma vipya vizoeane, tukabadili oili mapema kuliko desturi.

Jambo gumu halikuwa jembe. Mjomba alinituma niende kwa yule mama nikamweleze habari yote, pamoja na lile neno langu la barabara mbaya. Nilimkuta akimenya viazi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kwanza kama mjomba amepona homa, kisha akanipa kisu nimsaidie kumenya.

Baada ya miezi miwili alitaka tena kwenda Lushoto, akaja kwetu asubuhi na mapema. Nilikuwa nimekwisha kupima oili, pikipiki i tayari uani. Mama alitua kikapu chake, akakusanya kanga yake, akainama kwa taabu, akatazama chini ya injini kwa muda mrefu.

"Pakavu," akasema, akapanda.