Kisu Kishike Wewe

Kahama haina ufukwe wala mlima wa kupanda siku ya mapumziko. Jua likishuka, sisi watu wa Nyasubi tunakaa. Tunakaa kwenye viti vya plastiki tukisubiri nyama, na hapo utamkuta kila mtu: kijana aliyeshuka kutoka Kakola na hela ya mgodini, dereva wa lori anayepumzika kabla ya kuendelea na safari ya Rwanda, mwalimu, mfanyabiashara wa mchele. Mgodi wa Buzwagi ulifungwa mwaka 2021. Majiko ya nyama choma hayakufungwa.

Nilipoambiwa presha imeanza kupanda, sikuwaza moyo kwanza, niliwaza meza. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini ana shinikizo la juu la damu. Maana yake meza yetu ya watu wanane ina wawili, hata kama wamenyamaza. Nimeona wenzetu wakiambiwa habari kama hizo wanavyofanya. Wengine hupotea kabisa. Ukiwapigia simu wako nyumbani, wamenuna mbele ya televisheni. Wengine huja, lakini huja kama wagonjwa: chupa ya maji mkononi, macho kwenye sinia, na kila tonge la mwenzao lina hotuba yake. Huyo wa pili ni bora angebaki nyumbani, maana anawaharibia wenzake nyama na yeye mwenyewe hashibi.

Mimi nilianza kunyanyuka. Jambo dogo, lakini mambo yote ya meza ile huamuliwa kwenye dirisha la bucha, na waliokaa hula walichoagiziwa. Anayesema "weka kilo nne" akiwa na njaa ndiye anayewalisha wote kilo nne. Sasa naenda mimi. Nachagua paja la mbuzi badala ya mbavu zenye mafuta, nataja kilo mbili, kisha naongeza ndizi za kuchoma na kachumbari nyingi hadi mhudumu anauliza kama tuna harusi. Mfuko wa kimataifa wa utafiti wa saratani, World Cancer Research Fund, unashauri mtu asizidishe gramu 350 hadi 500 za nyama nyekundu iliyopikwa kwa wiki nzima. Kwa watu wanane, kilo mbili mbichi, ukitoa mifupa na kinachopotea motoni, hazimpi mtu hata nusu ya hapo. Hakuna aliyewahi kulalamika, kwa sababu sinia linafika limejaa. Kilichojaa ni kitunguu, nyanya, tango na ndizi, lakini jicho la mwenye njaa halichambui.

Halafu napita kwa mchomaji. Yule bwana anastahili salamu yake na dakika zake mbili, maana afya ya meza nzima iko kwenye koleo lake. Mafuta yakidondokea kwenye mkaa hutoa moshi, na moshi huo hurudi na kuganda kwenye nyama ukiwa na kemikali zinazohusishwa na saratani. Nyama iliyoungua ikawa nyeusi nayo ina zake. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliiweka nyama nyekundu kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Simhutubii mchomaji hayo yote. Namwambia tu, "Kaka, isikae kwenye ndimi za moto, igeuzegeuze, ndimu weka ya kutosha, chumvi niletee pembeni." Hiyo chumvi ya pembeni nayo ina mambo: WHO inataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na kirundo kinachowekwa ukingoni mwa sinia letu kinazidi hapo kwa macho tu.

Kusubiri ndiko kunakoumiza. Nyama inachukua muda, soda zinafunguliwa, na soda moja ya kola ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko tisa vya chai. Kwa hiyo ndizi na kachumbari naomba zitangulie. Nyama ikifika, ile njaa ya kung'ata mfupa imeshakwisha.

Na ikifika, kisu nashika mimi. Sinia letu ni la wote, hakuna mwenye sahani yake, na hilo ndilo linalowaangusha wengi: unakula bila kujua umekula kiasi gani. Mkataji ana bahati nyingine. Anakata vipande vidogo, anampa mkubwa wa meza kipande kizuri, anamtania shemeji, anasukuma kachumbari katikati. Mikono yake iko kwenye nyama muda wote, kwa hiyo hakuna anayemuuliza, "Mbona huli?"

Wazee wa Usukuma waliokuwa na mazizi yaliyojaa hawakula nyama kama sisi tusio na hata ndama. Ng'ombe alikuwa mahari na akiba; alichinjwa kwa harusi, kwa msiba, au akivunjika mguu. Siku nyingine zote ni ugali wa mtama, mlenda, maziwa ya mgando, na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, wakati wa kiangazi. Sisemi tuwaige kwa kila kitu, maana wao walitembea na mifugo kutwa nzima, nasi tunapanda bodaboda hadi buchani.

Pagumu ni pale duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, linapotema dhahabu. Aliyepata haagizi kilo, anaagiza mbuzi mzima, na kukataa ni kumwambia furaha yake haikuhusu. Juzi mmoja alifanya hivyo. Nikala, nikacheka, nikampongeza, kisha nikamwita mhudumu anifungie nusu ya paja niende nayo nyumbani. Mwenye mbuzi akanitazama. "Kaka, unafungasha nini wakati sherehe ndiyo kwanza inaanza?"

"Shemeji yako naye anakula mbuzi," nikamwambia.

Akaagiza na ndizi za kupeleka.